Tumeshinda, Mmefungwa

Mimi watu wa Gendabi nimewajua kwa silabi moja tu. Tukishinda, kijiji kizima kilisema "tumeshinda." Alisema mwalimu, akasema katekista, akasema na mama wa maandazi ambaye muda wote wa mchezo alikuwa ameupa uwanja mgongo akigeuza maandazi yake kwenye karai. Tukifungwa, watu wale wale, kwa midomo ile ile, walisema "mmefungwa." Mmefungwa! Utadhani walishinda Singida siku nzima na habari wamekutana nayo njiani. "Kumbe leo mmefungwa?" ananiuliza mtu niliyemwona kwa macho yangu nyuma ya goli langu, akitafuna hindi la kuchoma na kucheka.

Nilikuwa kipa wa timu ya Gendabi. Mshambuliaji akikosa bao anasahauliwa kabla mpira haujarushwa, lakini kipa akifungwa anafungwa mbele ya watu, halafu anatumwa kwenda kuokota mpira vichakani maana goli halina nyavu. Kwa hiyo sikio langu lilikuwa jepesi kwa maneno hayo mawili kuliko sikio la mtu mwingine yeyote pale kijijini.

Kuna neno la tatu, nalo ni "tumefungwa." Hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu asiyevaa jezi. Ushindi ulikuwa wa wote, kufungwa kulikuwa kwetu wachache, na hao wachache walilisema polepole wakifungua viatu. Nilitaka mtu mmoja tu wa nje aliseme, naye ni baba yangu. Nilitaka siku moja tupigwe mabao ya aibu, baba arudi nyumbani, akae, amwambie mama, "Tumefungwa." Basi, hiyo tu. Watu wamesema nina wivu, na ni kweli ninao, sijaukana. Lakini kwanza nisikilizwe.

Hiyo ilikuwa miaka ya mashamba makubwa ya ngano, yale ya serikali, kule chini kwenye tambarare ya Hanang. Sisi wa Gendabi tulikuwa na mahindi, maharage, ng'ombe wachache, kondoo, na mpira wa Jumapili baada ya kanisa. Uwanja wetu ulikuwa malisho. Majirani zetu wafugaji walituachia mchana, na kabla ya mchezo tulianza kwa kuzoa mavi ya ng'ombe kwa majembe. Ulikuwa umeinama, una goli la juu na goli la chini, kwa hiyo kila timu ilicheza kipindi kimoja ikiteremka na kimoja ikipanda. Milingoti ilikuwa ya mikaratusi. Mistari tuliichora kwa majivu, kila nyumba ikitoa ya jikoni kwake, na mama aliyetoa majivu alijiona ana haki ya kumtukana refa.

Baba alisimama nyuma ya goli la chini, upande wa kushoto, blanketi begani, kimya. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Tulipobadilishana magoli yeye alibaki pale pale, maana watazamaji wa Gendabi hawakuwa na tabia ya kuhama. Mtu aliposimama ndipo palipokuwa pake, kama benchi la kanisani. Kwa hiyo nilikuwa na baba kipindi kimoja, na kipindi cha pili nilimwona kwa mbali, nyuma ya kipa wa wageni. Sikulalamika. Nusu ya baba ilinitosha.

Ugenini tulikwenda kwa miguu. Tukienda Hirbadaw tulitoka alfajiri, tukafika mapaja yanawaka, tukafungwa. Watu wa Hirbadaw wakija kwetu nao walifika hoi, wameegemea fimbo, tukawafunga. Watu wakasema uwanja wa nyumbani una bahati. Bahati gani! Ilikuwa ni miguu tu. Na kama mchezaji mwenyewe anafika hivyo, mtazamaji afuate nini? Hakuna aliyetusindikiza zaidi ya mwisho wa mashamba ya mahindi.

Mara moja tuliitwa kucheza Dongobesh. Dongobesh si mahali pa kwenda kwa miguu ukacheza mpira, ni lazima basi. Tukatembea nyumba kwa nyumba kuomba nauli, na mimi nikaanzia nyumbani. Baba alikuwa na kondoo dume mweusi, mnene, aliyempenda kuliko alivyopaswa kumpenda kondoo. "Baba," nikasema, "tukimpeleka huyu mnadani, timu nzima inafika Dongobesh." Baba alinitazama kama nimemwomba auze kanisa. "Mpira gani huo unaokula kondoo?" akasema. "Miguu mnayo." Dongobesh hatukwenda, wakapewa ushindi wa bure. Nikasema sawa, mzee ana haki, kondoo ni kondoo na mpira ni mpira. Nilimwelewa kabisa siku ile.

Halafu shamba la ngano likaanzisha timu.

Shamba lile lilikuwa na kila kitu. Lilikuwa na matrekta yenye magurudumu yanayonizidi urefu, lilikuwa na kombaini, karakana, taa za jenereta, na sasa jezi za njano zenye kola na viatu vya mpira kwa kila mchezaji, hata wale wa akiba waliokaa tu. Sisi viatu tuligawana: anayepiga kwa mguu wa kulia akavaa cha kulia, wa kushoto akavaa cha kushoto, na mguu mwingine ukajitegemea. Msicheke. Wachezaji wao walikuwa madereva, mafundi na makarani kutoka mikoa ya mbali, na ilisemekana wapo waliokuwa mafundi ambao hawajui spana inashikwa upande gani. Walichojua ni mpira.

Kitu kimoja tu hawakuwa nacho, watu. Ukisimama kwenye uwanja wao unaona ngano mbele, ngano nyuma, ngano mpaka macho yanachoka. Wakifunga bao nani apige vigelegele? Ngano? Ndipo mkubwa mmoja wa shamba akapata akili. Jumapili moja, misa imekwisha, lori la kubebea ngano likapanda mpaka Gendabi, likasimama njia panda karibu na kanisa, dereva akapiga honi. Kwenda bure, kurudi bure. Walikuja kuchukua watazamaji wetu kama watu wanavyokuja kuchukua vibarua wa palizi.

Jumapili ya kwanza walipanda vijana, nikasema vijana wanapenda magari. Iliyofuata wakapanda na akina mama, wameshika sketi kwa mkono mmoja na mbao za bodi kwa mkono mwingine, wanacheka. Nikasema watachoka. Halafu nikamwona mama wa maandazi anainuliwa juu na taniboi wa lori, na nyuma yake linapandishwa karai, na nyuma ya karai mfuko wa mkaa. Hapo nilijua tumekwisha.

Na wale wa njano walikuwa wanashinda, jamani, hilo nalo lazima niliseme hata kama linanikaba. Walishinda kila wiki. Mtu wa Gendabi alipandishwa gari, akapigwa upepo, akaona magoli yenye nyavu, akaona ushindi, akarudishwa mpaka njia panda. Sisi tulikuwa na nini cha kumpa? Tulibaki tunacheza mbele ya wazee wasioweza kupanda lori na mbuzi wa jirani. Majivu hayakuletwa tena, tukachora mistari kwa jembe. Bila watu mpira unakuwa mzito, sijui kwa nini, na tukaanza kufungwa hata na timu ambazo zamani tulizifunga tukiwa na njaa. Tukifungwa, wachache waliobaki nao wakaenda kungojea honi.

Lori lile halikufagiwa vizuri. Makapi ya ngano yalibaki kwenye pembe za bodi, na gari likikimbia yalirukia nywele, kola na mishono ya nguo. Jumapili jioni uliweza kumjua msaliti kwa kumtazama shingo tu. Nikipita dukani nilikuwa nawakagua mmoja mmoja. "Ulikuwa wapi leo?" "Nilikuwa nyumbani tu, ndugu yangu." Nyumbani! Na makapi yanang'aa sikioni.

Jumapili moja baba hakuwepo nyuma ya goli la chini. Nikasema labda ni ng'ombe, labda kuna mgonjwa mahali. Jioni akaingia uani, nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema, akapita.

Blanketi lake lilikuwa limejaa makapi. Yalikuwa yamening'inia kwenye manyoya ya blanketi kila mahali, mgongoni, begani, mpaka pindoni. Loo! Mke anayekuta unywele mgeni kwenye shati la mumewe, mimi najua anavyojisikia.

"Ulikuwa wapi, mzee?" mama akamuuliza.

"Mpirani."

"Mpira si ulikuwa hapa?"

"Ule mwingine," baba akasema. Akakaa, akanyoosha miguu, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Tumeshinda."

Nilitoka nje nikaenda kusimama zizini. Yule kondoo mweusi alikuja akaninusa mkono.

Nilikuwa na rafiki, beki wetu wa kati, mtu wa maneno makali na mguu mkali zaidi. Nilipomweleza alitema mate. "Ni lori, kaka," akasema. "Lori na ushindi, hakuna kingine. Ondoa lori, ondoa ushindi, uone kama atabaki mtu hata mmoja kule kwenye ngano. Mzee wako hana mapenzi na wale, ana mapenzi na kupanda gari." Niliyashika maneno hayo kama dawa. Nikiwaona wamepanga foleni njia panda nilijiambia ni lori. Nikimwona baba katikati yao, amenyoa ndevu, nilijiambia ni lori. Kanisani wengine wakiomba mvua, mimi niliomba dizeli iishe. Niliomba kwa dhati, nimepiga magoti, macho nimefumba, na nikisema amina niliisema kwa nguvu.

Siku moja hatukuwa na mchezo, nikapanda lori na mimi. Nilivaa kofia ya sufu ya kufunika masikio, nikajibana nyuma kati ya akina mama. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Baba alikuwa mbele kabisa, ameegemea kichwa cha gari, na niliona watu wanampisha kama mtu mwenye nafasi yake ya kudumu. Tulipofika aliteremka bila kumngojea mtu, akaenda moja kwa moja nyuma ya goli.

Kipa wao alikuwa kijana wa umri wangu, mrefu, mtaratibu, ametoka Songea huko. Alikuwa amevaa koti kubwa la kaki, maana kwetu upepo wa mchana hauna huruma hata jua likiwaka. Kabla ya filimbi alimwendea baba. "Shikamoo mzee," akasema. "Marahaba." Akavua koti. "Baba, nishikie."

Baba akalipokea kwa mikono miwili. Akalikung'uta vumbi, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya mkono wake juu ya blanketi, na hapo likakaa mpaka mwisho wa mchezo. Baba yangu! Mtu ambaye mama akimwambia amshikie kikapu kidogo anakiweka chini hapo hapo. Hakulitua koti lile hata pale mchezo uliposimama kwa majeruhi. Filimbi ya mwisho ilipolia alilikunjua, akaliinua kwa mabega, na yule kijana akageuka akaingiza mikono, kama padri anavyovalishwa kanzu sakristia. Kisha watu wote wakarukaruka wakisema tumeshinda, tumeshinda, na mimi nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa na koti pia. Miaka yote nililitundika kwenye msumari wa mlingoti, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba koti la kipa linashikwa. Nani alimwambia yule? Amejulia wapi? Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria koti lile, vifungo vyake, ukosi wake, na namna lilivyokunjwa, na nilipofika nyumbani nilikuwa nalichukia kama linavyochukiwa jitu lenye roho.

Wiki ile tulikuwa tunapalilia mahindi, mimi na baba, mstari kwa mstari. Nikajikaza.

"Baba, yule kipa wa shamba kwao ni mbali?"

"Mbali."

"Ana wazazi?"

"Alikuwa nao," baba akasema. Alipalilia mstari mpaka mwisho, akageuka, ndipo akaongeza, "Huku hana mtu."

"Hana mtu? Si ana lori zima la watu!"

"Wale wamefuata lori," baba akasema, akaendelea kupalilia.

Aisee. Alisema hivyo mwenyewe, na Jumapili ile ile nilikuwa nimemwona amelipanda. Nikataka kumuuliza, na wewe je, umefuata nini? Lakini kwetu baba haulizwi hivyo. Jioni mama aliniona sili vizuri, akacheka mpaka akafuta machozi na upande wa kanga. "Unamwonea baba yako wivu kama mke mkubwa," akasema. "Kula ugali, wewe."

Ukafika wakati wa timu ya shamba kuja kucheza kwetu. Sijawahi kuona watu wengi vile Gendabi, wala sijaona tena. Uwanja ni wetu, mikaratusi ni yetu, hata majivu yaliletwa tena na akina mama wale wale, bila haya. Tulipoingia sisi watu walipiga makofi ya adabu, kama ya kumkaribisha mgeni wa wilaya. Walipoingia wa njano, mlima Hanang wenyewe nadhani uliamka. Beki wangu akanigeukia. "Hivi hapa nyumbani ni kwa nani?" akauliza.

Kwa kura, wao walianza kulinda goli la chini. Kwa hiyo baba alikuwa mahali pake pa siku zote, nyuma ya goli lile, na koti la kaki liko mkononi. Nikajiambia, haya, yule yuko kwake, hajamfuata mtu. Kipindi cha pili goli la chini ni langu. Atakuwa nyuma yangu, koti au bila koti. Kipindi kizima cha kwanza nilicheza vizuri kwa ajili hiyo, nikadaka mipira ambayo hata leo nikiikumbuka nafurahi.

Yakaja mapumziko, tukabadilishana. Nikaanza kuteremka kwenda goli la chini, na nikamwona baba anapanda kuja upande wangu, anakatiza uwanja katikati. Nilidhani ananijia. Nilidhani ana neno, pengine ameona kitu kwenye mchezo wao anataka kuniambia. Nikapunguza mwendo. Alipofika karibu aliinua kichwa kidogo, kama mnavyopishana na mtu sokoni, akapita. Akapanda na koti lake mpaka goli la juu, akasimama nyuma ya yule kijana.

Mtu wa Gendabi, kuhama goli! Hata mvua ikimnyeshea hakuhama, hata jua likimpiga usoni hakuhama. Nilisimama pale chini, nyuma yangu pana nafasi tupu ambayo majani yake yalikuwa yamelala kwa kukanyagwa na miguu ya baba miaka yote ile. Tulifungwa vibaya. Bao la mwisho lilinipita naangalia koti.

Nyumbani baba alinawa mikono, akakaa. "Mmefungwa," akasema. Halafu akasema, "Poleni."

Poleni! Nilikuwa peke yangu pale. Hapakuwa na mwingine kwenye kigoda, hapakuwa na timu nyuma yangu, nilikuwa mimi mtoto wake na bakuli langu la maziwa. Mtu anampa mwanawe pole ya wingi, kama anaagana na msafara.

Lakini Mungu naye husikia. Mwaka ule dizeli ikawa ngumu nchi nzima, spea zikakosekana, kombaini zikalala nje na kuota kutu. Jumapili moja watu wa Gendabi walikusanyika njia panda wamevaa vizuri, mama wa maandazi na karai lake, wakangoja. Honi haikulia. Wakangoja mpaka vivuli vikarefuka, wakarudi mmoja mmoja bila kutazamana. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Katesh, nakunywa chai, na sijawahi kunywa chai tamu namna ile. "Shikamooni," nikawaamkia wazee wakipita, kwa heshima zote. "Vipi, leo safari hakuna?"

Lori halikuja tena. Wale mafundi wasiojua spana wakarudi kwao, kila wiki ilipungua jezi moja ya njano, na waliobaki wakaanza kufungwa. Kwetu watu wakarudi. Majivu yakarudi, karai likarudi, vijana wakaja mazoezini, na sisi tukaanza kushinda. Nilikuwa nimetega sikio, na nikalisikia tena: tumeshinda, bwana, tumeshinda. Hakuna aliyeomba radhi. Beki wangu akanipiga begani. "Si nilikwambia? Lori na ushindi." Nikamwambia wewe ungekuwa askofu.

Baba tu ndiye hakuja. Mara mguu unamsumbua, mara anatengeneza mpini wa jembe, mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Nafasi yake nyuma ya goli la chini ilibaki wazi, watu walimwachia. Sikuwa na wasiwasi. Lori hakuna, na ushindi kule hakuna. Atakwenda wapi? Nilikuwa namngojea kama mtu anayengojea deni ambalo mdaiwa wake hana pa kukimbilia.

Jumamosi moja niliamka kufungulia mifugo nikaona zizini yule kondoo mweusi hayupo. Nikamkimbilia mama.

"Baba yako alimpeleka mnadani jana," mama akasema. "Alitaka nauli. Amepanda basi alfajiri hii, amekwenda Dongobesh."

Kule Dongobesh alikuwepo shangazi, dada yake baba, na tangu mavuno tulisikia kifua kinamsumbua. Basi hali imekuwa mbaya, nikawaza, mpaka kondoo ameuzwa. Nikamwombea shangazi.

Kesho yake Hirbadaw walikuja kwetu. Walifika kwa miguu kama zamani, vumbi mpaka magotini. Watu walijaa pande zote, mama wa maandazi hakuwa na nafasi ya kukunjua kiwiko. Tuliongoza kwa bao moja, na dakika za mwisho refa akawapa penalti. Nilikuwa goli la chini. Niligeuka nyuma mara moja, nikaiona ile nafasi tupu, nikageuka mbele. Jamaa akapiga, nikaruka kulia, nikautoa kwa ncha za vidole. Watu waliingia uwanjani kabla ya filimbi. Nilibebwa juu, naelea, na kila mdomo chini yangu unasema tumeshinda. Nilifurahi, lakini nililiweka neno hilo upande. Nilikuwa nimemtunzia mtu.

Nilikaa mlangoni kwetu bila kuvua jezi. Jua lilikuwa linazama baba alipoingia uani, amechoka, vumbi la barabara limemkaa kwenye nyusi, viatu vyake vya matairi vimepasuka ukanda mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Shangazi anaendeleaje?"

"Shangazi?" Alinitazama kama ninamuuliza habari za mtu aliyemsahau. "Hajambo. Nililala kwake."

Mama akamletea maji ya kunawa. Baba akainama, maji yakawa yanamwagika, akazungumza na mama bila kuinua kichwa. "Wale wa shamba walipata nauli ya wachezaji tu," akasema. "Hata wa akiba hawakuja. Dongobesh nzima ilikuwa upande ule, na upande wetu nilikuwa mimi peke yangu."

Mama alinitupia jicho, akaacha kumimina. Niliona unyuzi wa kaki kwenye blanketi lake, juu ya mkono wa kushoto, pale pale linapokaa koti. Ningeweza kunyamaza. Lakini neno nilikuwa nimelitunza siku nzima, nami nikalitoa.

"Baba, leo tumeshinda."

"Hongereni," baba akasema. Akajifuta mikono polepole na pindo la blanketi, akakaa chini. "Sisi tumefungwa."